Uchochezi, Kashfa na Uzushi: Msamiati Tunaoufundisha Kuhusu Vyombo vya Habari

Kila mwaka walimu wa Kiswahili nchini Uganda husahihisha insha kuhusu uhuru wa vyombo vya habari katika jamii ya kidemokrasia. Mada hii hupendwa na watungaji wa mitihani kwa sababu ina pande mbili, na mwanafunzi hawezi kukosa la kusema. Insha zenyewe hufanana kama mapacha. Huanza kwa kutueleza kwamba vyombo vya habari ni mhimili wa nne wa dola. Katikati hutajwa kuwa vinaelimisha, vinaburudisha na kuikosoa serikali. Mwishoni huja ile sentensi ambayo karibu kila mmoja anaijua kwa moyo, kwamba uhuru usio na mipaka ni wazimu, na kwamba waandishi sharti waepuke uchochezi, kashfa na uzushi. Mwalimu huweka alama ya vyema, kwa kuwa sarufi ni safi na msamiati ni wa kiwango.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki msamiati huo. Sina ugomvi na sarufi yake. Ninachokichunguza ni kazi unayoifanya. Kwa mtazamo wangu, maneno haya matatu, uchochezi, kashfa na uzushi, kila moja limebeba mambo mawili au zaidi ambayo mahakama za eneo letu zimetumia miaka mingi kuyatenganisha. Anayeyatumia bila kuyapambanua huwa amekwisha kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Wala jambo hili si la wanasheria peke yao. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha utekelezaji wake. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa. Sheria zitatakiwa kutafsiriwa, na mashahidi watahitaji wakalimani. Atakayeketi na kalamu siku hiyo huenda ni mwanafunzi anayesoma ukurasa huu.

Tuanze na uchochezi, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Kitenzi chochea asili yake ni jikoni. Mpishi husukuma kuni ndani ya mafiga au hufukua makaa ili moto uwake vizuri. Kitenzi chenyewe hakina ubaya wowote. Mwalimu huchochea ari ya kusoma, na serikali hujisifu kwamba imechochea ukuaji wa uchumi. Kutokana nacho tumepata pia kichocheo, nomino yenye heshima zake katika vitabu vya biolojia na vya uchumi. Lakini tukiunda nomino ya mtenda, mchochezi, na ile ya dhana, uchochezi, maana hugeuka ghafla ikawa mbaya. Sijapata kusikia mtu akipewa cheti kwa kuwa mchochezi. Huu ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi wa mofolojia kwamba unyambulishaji hauzai umbo jipya tu, bali waweza kuzaa na hukumu.

Tatizo linaanza pale neno hili linapoingia mahakamani. Sheria ya Kiingereza iliyoletwa na wakoloni ilikuwa na makosa mawili tofauti. La kwanza, sedition, ni kusema au kuchapisha jambo kwa nia ya kuifanya serikali ichukiwe, idharauliwe, au raia wasiridhike nayo. Si lazima mtu yeyote apigwe wala dirisha livunjwe. La pili, incitement, ni kumsukuma mtu mwingine atende kosa: aue, achome nyumba, apore duka. Katika Kiswahili cha magazeti, cha polisi na cha bungeni, yote mawili huitwa uchochezi. Kwa hiyo mhariri aliyeandika kwamba serikali imeshindwa kazi, na mtangazaji aliyewahimiza watu wakaue jirani zao, huketi kwenye kiti kimoja kana kwamba walitenda jambo moja.

Nataja mauaji kwa makusudi, maana ukitetea uhuru wa habari katika eneo letu la maziwa makuu, mtu atakuuliza kuhusu Rwanda, na ana haki ya kuuliza. Redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 matangazo yake yalitumika kuwasaka watu. Kesi ya waliohusika na redio hiyo na ya mhariri wa gazeti la Kangura ilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Wengi huishia hapo. Jambo la kutufaa sisi watu wa lugha lilitokea katika rufani, Novemba 2007. Majaji wa rufani walitenganisha lugha ya chuki na mwito wa moja kwa moja wa kufanya mauaji ya kimbari. Walisema kwamba hayo si kitu kimoja, hata kama la kwanza laweza kuliandalia njia la pili. Kwa Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, hatia ya uchochezi iliyobaki ilihusu matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Yaani mbele ya uovu ambao haukuwa na kifani katika eneo hili, majaji bado waliona ni wajibu wao kuuliza: maneno gani, yalisemwa lini, na yalimtaka msikilizaji afanye nini? Iwapo maswali hayo yaliulizwa kuhusu RTLM, sioni kwa nini yasiulizwe kuhusu gazeti lililomsema vibaya waziri.

Hapa kwetu maswali hayo yalicheleweshwa kwa muda mrefu. Agosti 2005, baada ya John Garang wa Sudan kufariki katika ajali ya helikopta ya Rais wa Uganda, mtangazaji Andrew Mwenda aliizungumzia ajali hiyo kwa ukali katika kipindi chake cha redio KFM. Redio ilifungwa kwa siku kadhaa, na yeye akashtakiwa kwa kosa lile la kwanza, la kuifanya serikali ichukiwe. Alikwenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 25 Agosti 2010 mahakama hiyo ilibatilisha vifungu vya kosa hilo kwa kuwa vilikinzana na Katiba. Ukimwambia mwanafunzi kwa Kiswahili kwamba mwaka 2010 Uganda ilifuta kosa la uchochezi, atashtuka. Atauliza, je, sasa mtu anaruhusiwa kuwaambia watu wachome soko? La hasha. Kumtaka mtu atende jinai lilikuwa kosa kabla ya hukumu hiyo na ni kosa hadi leo. Kilichofutwa ni kitu kingine ambacho Kiswahili chetu hakijakipa jina lake. Mshtuko wa mwanafunzi huyo umetokana na istilahi tuliyompa sisi.

Aidha, yapo matukio ambayo makosa hayo mawili hukaribiana kiasi cha kutatiza, na tusijifanye kwamba kamusi nzuri ingeyamaliza. Septemba 2009, ujumbe wa Kabaka ulipozuiwa kwenda Kayunga, ghasia zilizuka Kampala na kwingineko. Watu walikufa na mali zikateketea. Serikali ilizifunga redio nne, ikiwemo CBS ya Buganda, kwa madai kwamba zilichochea ghasia. Inawezekana kabisa kwamba kulikuwa na mtangazaji aliyevuka mpaka. Lakini CBS ilikaa kimya hadi Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mzima, bila ya mahakama kuonyeshwa kwanza ni sentensi gani iliyomtuma nani kuchoma nini. Pamoja na redio hizo, vilipigwa marufuku vipindi vya ebimeeza, ambapo watu walikutana mahali pa wazi wakajadili siasa huku redio ikirusha hewani. Jina la vipindi hivyo linatoka kwenye neno la Kiganda lenye maana ya meza, ambalo nalo limetokana na meza ya Kiswahili. Wakosoaji wa Kiswahili huku Uganda, wanaosema kwamba ni lugha ya kambi za jeshi na ya amri tu, huwa wanasahau kwamba Waganda walipotafuta jina la mahali pa kubishana hadharani, walilikuta neno letu limekwisha kukaa ndani ya lugha yao.

Sasa tuje kwenye kashfa. Neno hili asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufunua kitu kilichofunikwa. Katika Kiswahili limechukua njia mbili. Kwa upande mmoja, kashfa ni uovu wa wakubwa uliofichuka: kashfa ya Goldenberg nchini Kenya, au kashfa ya Richmond nchini Tanzania, iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Kwa upande mwingine, kashfa ni kosa la kumvunjia mtu heshima kwa maneno. Hebu tutazame matokeo yake. Gazeti likifichua kashfa, mwenye kashfa hulishtaki kwa kashfa. Neno moja limemtaja mwizi, likamtaja na aliyepiga kelele za mwizi. Msomaji asiye makini hubaki na hisia tu kwamba mahali fulani pana uchafu, na kwamba gazeti limo ndani yake.

Historia ya kosa hili katika eneo letu ina kejeli ambayo wanafunzi wangependa kuijua. Mwaka 1958 Julius Nyerere mwenyewe alitiwa hatiani na mahakama ya wakoloni kwa kosa la jinai la kuwavunjia heshima maofisa wawili wa serikali, kutokana na makala iliyochapishwa katika Sauti ya TANU. Alitozwa faini, akailipa. Miaka mitatu baadaye nchi yake ilikuwa huru na yeye ndiye kiongozi wake. Hata hivyo, Sheria ya Magazeti ya Tanzania ya 1976, iliyopitishwa yeye akiwa Rais, ilimpa waziri uwezo wa kulizuia gazeti lisichapishwe, na sheria hiyo ilidumu miaka 40 hadi ilipopokewa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Sisemi hayo kumdharau Mwalimu. Nasema kwa sababu aghalabu tunafundisha kwamba ukandamizaji wa magazeti ulikuwa wa mkoloni, kisha tunafunga daftari.

Mahakama hazijakubaliana kuhusu kosa hili. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kwamba kumfunga mtu jela kwa sababu ya kumvunjia mwingine heshima ni kinyume cha Katiba. Aliyechafuliwa jina aende kudai fidia katika kesi ya madai. Uganda ilikwenda njia nyingine, kwani mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ililibakisha kosa hilo katika jinai. Binafsi naona Wakenya wana hoja nzuri zaidi, lakini mwanafunzi hawezi hata kuufuata mjadala huo iwapo hajui kwamba kuna kashfa ya kwenda jela, kashfa ya kulipa fidia, na kashfa ya kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Uzushi nitaupitia haraka kidogo. Kitenzi zua ni kubuni jambo lisilokuwapo, na mzushi ni mtu anayejua kwamba anasema uongo. Ndani ya neno mna nia mbaya. Lakini waandishi wengi wanaoitwa wazushi hawakuzua kitu. Septemba 1997 gazeti la The Monitor lilichapisha habari kwamba serikali mpya ya Laurent Kabila ilikuwa imeilipa Uganda kwa dhahabu kutokana na msaada wake katika vita vya Kongo. Habari hiyo ilitolewa katika jarida la nje, na gazeti lilisema hivyo waziwazi. Mhariri Charles Onyango-Obbo na mwandishi Andrew Mwenda walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Waliachiwa, lakini waliendelea kukipinga kifungu chenyewe hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Februari 2004 ilikibatilisha. Jaji Joseph Mulenga, aliyeandika hukumu kuu, alieleza kwamba kauli haipotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu watu wengine wanaiona kuwa ya uongo, yenye kosa au ya kuchukiza. Habari iliyokosewa, habari isiyothibitishwa na habari iliyobuniwa ni vitu vitatu. Mkufunzi wa uandishi wa habari huvitenganisha katika wiki ya kwanza ya masomo. Katika insha zetu vyote ni uzushi.

Hadi hapa nimezungumzia nomino. Vitenzi navyo vina mchezo wao, na pengine wa hatari zaidi kwa sababu hauonekani. Chukua kitenzi fungia, yaani funga katika kauli ya kutendea. Kuku hufungiwa bandani, mtoto mtundu hufungiwa chumbani, na mchezaji wa kandanda aliyempiga mwenzake teke hufungiwa mechi tatu. Katika mifano hiyo yote aliyefungiwa yuko chini ya ulezi wa mtu, au amefanya rafu na refa ameona. Ndiyo maana kichwa cha habari kama "Gazeti lafungiwa" hupita bila kumshtua msomaji. Kinaeleza adhabu, na adhabu huashiria kosa. Isitoshe, ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Nani alilifungia, kwa kifungu gani, na je, kuna hakimu aliyeulizwa?

Mei 2013 polisi waliingia katika ofisi za The Monitor mjini Kampala wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa, aliyeandika kuhusu madai ya mpango wa kumrithisha mtoto wa Rais madaraka. Ofisi zilizingirwa kwa takriban siku 10, zikatangazwa kuwa eneo la uhalifu. Ukitazama kwa makini, hakuna aliyetamka kwamba gazeti limepigwa marufuku. Eneo la uhalifu huzingirwa, hilo ni jambo la kawaida la polisi. Gazeti likakosa kutoka kana kwamba ni kwa bahati mbaya. Hali kadhalika, Januari 2021, katika mkesha wa uchaguzi mkuu, Tume ya Mawasiliano iliyaagiza makampuni kukata intaneti nchi nzima. Wapo waliokuwa wakisema intaneti imezimika. Zimika ni kauli ya kutendeka. Mshumaa huzimika kwa upepo. Intaneti ilizimwa, na kwa barua. Tofauti kati ya -ika na -wa tunaifundisha katika kidato cha pili kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika. Ningependa tuifundishe kwa mfano huu.

Na ule mhimili wa nne wa dola? Usemi huu umekuwa mtamu mno kwa wanafunzi na hata kwa waandishi wa habari wenyewe, wanaojivunia. Mimi naona unawadhuru. Dola ni mamlaka yenye nguvu ya kulazimisha: serikali, Bunge, mahakama, na nyuma yake polisi na jeshi. Ukisema gazeti ni mhimili wa dola umelihamisha kutoka upande wa raia ukaliweka chini ya paa la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana haki ya kuukarabati mhimili wake, au kuung'oa ukilegea. Kauli za viongozi kwamba vyombo vya habari vishirikiane na serikali kujenga taifa zinatoka moja kwa moja katika picha hiyo.

Napendekeza nini basi? Kwanza, neno uchochezi tulibakishie kazi ya mwito wa kutenda jinai, na kila linapotumika lidai yambwa yake: uchochezi wa mauaji, uchochezi wa uporaji. Palipo na kosa lile jingine, mtafsiri aandike maneno ya sheria yenyewe kwa urefu wake, yaani kosa la kuifanya serikali ichukiwe. Ni maneno marefu na hayapendezi, nakubali. Lakini yanaposomwa kwa sauti mahakamani, kila mtu chumbani atajua mshtakiwa anadaiwa kufanya nini. Kwa kashfa, tuseme kuvunja heshima pale tunapozungumzia kesi, na kashfa tuiache kwa wenye kashfa zao. Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba lugha haiendeshwi kwa maagizo ya idara. Ni kweli kwa lugha ya sokoni, lakini istilahi za sheria huwekwa na watu wachache wakiwa wameketi mezani, na wachache hao ndio tunaowafundisha.

Kwa muhula ujao, badala ya kuwapa wanafunzi ile mada ya pande mbili, ningewapa mkasa wa gazeti moja la Kiswahili. Agosti 2016 gazeti la Mseto la Tanzania lilifungiwa miezi 36 na Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, baada ya kuchapisha habari ya tuhuma za rushwa dhidi ya naibu waziri. Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kwamba hatua hiyo ilikiuka Mkataba wa Jumuiya, ikaagiza gazeti liruhusiwe kuchapishwa. Machi 2019 mahakama hiyohiyo ilivikuta vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vile vya nia ya uchochezi, kuwa kinyume cha Mkataba huo. Februari 2022 Mseto lilirudishiwa leseni pamoja na Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima, na aliyezikabidhi leseni hizo alikuwa Nape Nnauye, akiwa amerudi katika wizara ya habari. Mwanafunzi aandike mkasa huo kwa maneno 300, kila kitenzi kikiwa na mtenda wake, na bila kutumia neno uchochezi, kashfa wala uzushi isipokuwa anamnukuu mtu aliyelitamka.